Kwetu Mgonjwa Haambiwi

Mwanangu aliruka mstari. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, hapa kwangu Mishomoroni, ripoti ya picha niliyopigwa tumbo imelala mapajani, na mimi niko nyuma ya cherehani najifanya natunga uzi kwenye sindano. Karatasi yenyewe Kizungu kitupu. Kizungu changu mimi ni cha kusalimia wateja na kuwafukuza, lakini kidole cha mtu najua kukisoma. Kidole chake kilikuwa kikishuka taratibu. "Figo ya kushoto iko sawa, mama. Ya kulia ndiyo hii yenye kijiwe, kidogo tu, kitatoka chenyewe kwa maji." Kisha kikafika mahali kikasimama. Midomo ikajaribu neno, ikaliacha, na kidole kikaruka mpaka chini ya karatasi.

"Hapo mbona umeruka?"

"Wapi?"

"Hapo! Ndoo nikuonyeshe."

"Ah, mama. Hapo hamna kitu."

Laiti angenitukana. Wallahi, tusi ningelijibu. Lakini niliposikia hayo maneno mawili, hamna kitu, ile sindano ikanidondoka nisiione tena mpaka leo.

Itabidi nieleze, maana mtu wa nje hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani nyumbani kwetu. Kwetu mgonjwa haambiwi. Ndivyo walivyofanya bibi zetu na ndivyo walivyotufunza. Mtu akishikwa na ugonjwa wa kumchukua, wakubwa hukutana chumba cha uani, wakaambiana wao kwa wao, wakalia kimyakimya, kisha wakanawa nyuso na kutoka. Mgonjwa akiuliza, huambiwa hamna kitu. Hata daktari huwahiwa. Kuna mtu wa kutangulia kuingia peke yake, mlango ukafungwa, akamwomba: daktari, tafadhali, mbele yake usiseme. Hakuna aliyeuita uwongo. Tuliambiwa ni huruma, kwamba mgonjwa akijua moyo humvunjika, na moyo ukishavunjika mwili haushiki dawa.

Mamangu aliugua ini. Sisi tulimwambia gesi. Macho yalipogeuka rangi ya binzari tukamwambia ni joto, mwaka huu limezidi. Tumbo lilipojaa maji tukasema ini limechoka kidogo, likipumzika litarudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji wa mchele kwa kijiko, na kila nilipotoka kuongea na madaktari aliniuliza, "Wamesemaje?" Nami nikamjibu, "Hamna kitu, mama." Akasema, "Haya, mwanangu." Basi. Hakuwahi kuuliza mara mbili. Akanywa uji wake, akageukia ukutani. Mwanangu alikuwa mdogo wakati huo, wa kuanza shule tu, na alikuwa akilala kitanda kimoja na bibi yake mpaka tulipomtoa.

Sasa mwanangu huyohuyo, mtu mzima, anasoma chuo, ndiye ananiambia mimi hamna kitu. Mimi!

Balaa lote lililetwa na jora la kitambaa. Kazi yangu ni kushona mabuibui, na siku hiyo niliteremsha jora zito kutoka kwenye tuktuk kwa ubishi wangu, dereva ananiambia ngoja nikusaidie, mimi namwambia shika usukani wako. Ubavu wa kulia ukanikata. Nikasema msuli. Nikajipaka mafuta ya karafuu, nikaendelea na mikono ya buibui la mteja. Maumivu yakaondoka, yakarudi, na yaliporudi yalinilaza sakafuni natapika na kumwita marehemu mamangu kwa sauti. Mwanangu akanibeba mzimamzima mpaka zahanati. Daktari akanibonyeza mgongoni nikapiga ukelele, akasema hili lafanana na jiwe kwenye figo, akaniandikia picha ya tumbo. Picha hiyo nilipigiwa pahala pamoja upande wa Bombolulu.

Aliyenipiga alikuwa bwana wa makamo, mwenye miwani, mpole. Akanipaka yale mafuta yao ya baridi kama uji uliolala, akapitisha kile chombo. "Vuta pumzi, mama. Zuia. Achia." Jiwe akaliona mara moja. "Huyu hapa mwizi wako," akasema, nami nikacheka pale kitandani, maana mtu akishalionyesha jambo kwa kidole hofu hupungua nusu. Kisha mkono ukapanda, ukaja chini ya mbavu za kulia, ukasimama.

"Vuta pumzi. Zuia."

Nikazuia.

"Achia. Vuta tena. Geuka kidogo huku."

Chombo kikaanza kulia ti, ti, ti, akipima kitu. Hakunitania tena. Akainama karibu na kioo chake, na mimi nikawa naangalia mwanga ulivyomlalia kwenye miwani, kama nitaona humo anachokiona.

"Ni jiwe jingine?" nikamuuliza.

"Daktari atakueleza, mama."

Baadaye niliambiwa hivyo ndivyo kazi yao ilivyo. Wao hupiga, mwingine huisoma, na wa tatu ndiye anayesema na mgonjwa. Lakini mimi hayo sikuyajua. Mimi nilijua kwamba nilikuwa na mtu mwenye mdomo, kisha akaufunga.

Ndiyo maana kidole cha mwanangu nilikivizia. Aliporuka mstari akakunja ile karatasi, akaiweka chini ya kitambaa mezani, akasema anatoka kununua maziwa. Maziwa yalikuwepo. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama uani karibu na kamba ya nguo, simu mkononi, anasoma, na mkono wa pili umefunika mdomo.

Nikaichukua karatasi. Nikautafuta ule mstari. Kulikuwa na neno refu la kutisha, na kabla yake kulikuwa na neno fupi, na neno hilo fupi nililijua. Hakuna shule iliyonifunza. Lilikuwa kwenye kila karatasi ya mamangu, juu, katikati, mpaka ile ya mwisho, na maana yake naijua. Ini.

Niliketi sakafuni palipokuwa na vipande vya vitambaa nikashika ubavu wangu kwa mikono miwili, kana kwamba kile kitu kingetoka kikimbie. Sijui niliketi muda gani. Nakumbuka nilichowaza. Sikuwaza kaburi. Nilimuwaza huyu aliyesimama uani na simu. Babake alishatangulia, ndugu hana, mimi ndiye mama na ndiye baba na ndiye mtu wa kumpigia kelele arudi mapema. Nikienda mimi, atabaki na nani? Nani atamwambia nguo hii imekubana, kavue?

Alipoingia, bila maziwa, nilikuwa nimesharudi kwenye cherehani.

"Umekosa maziwa?"

"Abee? Ah, duka limefungwa."

Hilo duka halijafungwa tangu lijengwe. Nikamwambia pole. Kumbe na mimi nilikuwa nimeshaanza kucheza ule mchezo wetu, ila safari hii niko upande wa pili.

Kesho yake tukaenda kwa daktari. Tumeketi kwenye benchi, zamu yetu inakaribia, mwanangu akasimama. "Wewe pumzika, mama. Mimi natangulia niulize kama tuko sawa." Akaingia. Mlango ukafungwa.

Astaghfirullah. Njia hiyo naijua, nimeipita mwenyewe kwa miguu yangu. Najua mtu huingia vipi na huketi wapi, najua anavyoinamisha sauti. Mwanamke niliyeketi naye alikuwa akinisimulia habari za mjukuu wake anayekata meno, nami namwitikia, ehe, ehe, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kitasa. Mwanangu akatoka. Uso aliunawa. Maji yalikuwa bado kwenye nywele za mbele.

Daktari wetu ni binti mdogo, mtu wa bara, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akanikalisha, akanitazama, akatabasamu. "Mama, usiogope. Hamna kitu."

Nikasema moyoni, amefunzwa. Ameshafunzwa.

Akaendelea kunieleza, na leo naweza kuyarudia aliyosema moja baada ya jingine, kwa vile alinieleza tena siku nyingine nilipokuwa na masikio. Alisema ripoti ile isisomwe kama barua ya hukumu. Anayeisoma picha kazi yake ni kuandika kila alichokiona, hata asichotumwa. "Sisi tulimtuma jiwe. Jiwe ameliona. Lakini chombo kilipopita juu ya ini kikaonyesha doa dogo, naye hawezi kulinyamazia." Lile neno refu ni hemanjioma, akasema, vimishipa vya damu vilivyojikusanya pahali pamoja. Si saratani na haligeuki kuwa saratani. Huenda nimeishi nalo miaka, na watu tele wanatembea nalo mjini hawajui, kwa sababu hakuna aliyewapiga picha. Akasema chini ya ripoti kuna maneno ya kumalizia, na humo wameandika kwamba sura yake ni ya hicho kitu kisicho na madhara, daktari alinganishe na hali ya mgonjwa, na picha irudiwe baada ya miezi sita kuhakikisha halijabadilika.

"Na damu tutatoa," akasema, "tuangalie ini linavyofanya kazi."

"Damu ya nini," nikamuuliza, "kama hamna kitu?"

Akamtazama mwanangu. Dakika ile ile, mbele yangu, akamtazama mwanangu! Kisha akasema, "Kwa uhakika tu, mama."

Nikatoa damu. Majibu yakarudi safi, au niliambiwa ni safi. Mwaona nilipofika? Nilikuwa nimeshapoteza njia ya kuamini. Wangeniambia naumwa, ningeamini. Wakiniambia mzima, ndiyo kwanza nasikia uji wa mchele ukichemka.

Kijiwe kilitoka baada ya maji mengi na kilio kingi, nikapona ubavu. Hofu haikutoka. Ikawa kila kitu ni dalili. Mwanangu akaanza kuosha vyombo bila kuambiwa, na mtu anayemjua mwanangu ataelewa kwa nini nilitetemeka. Akanunua kichwa cha nguru akanipikia mchuzi, akakaa ananitazama ninavyokula. Jirani wa ukuta mmoja akaniambia, "Mashallah, umependeza siku hizi," nikaingia ndani kujitazama macho kwenye kioo, nikiyavuta chini kwa vidole, natafuta binzari. Asubuhi natafuta, adhuhuri natafuta. Mwanga wa dirishani ukiwa wa manjano naenda kujitazama kwenye mwanga mwingine.

Nikaanza kumfunza vitu kwa haraka. "Ndoo uone, pilipili manga huingia mwisho. Ndoo ushike mkasi, kitambaa cheusi hukatwa upande wa giza, ule usiong'aa." Akawa ananitazama kwa macho makubwa. "Mbona leo, mama?" "Kwani nikufunze lini?" Siku moja nikampa zile bangili za mamangu, nikamwambia zimenibana. Zilikuwa zikinicheza mkononi. Akazichukua akaingia chumbani, nikamsikia analia, nikasema basi, ndiyo yenyewe. Na huyu mtoto anajua ni lini.

Buibui la bibi harusi mmoja nikalikata mikono miwili ya upande mmoja. Mimi, niliyekata mabuibui tangu sijaolewa. Nilikaa nikaitazama ile mikono, yote ya kushoto, nikaona hata mikono yangu imeshaambiwa.

Ndipo akaja wifi yangu.

Wifi huyu ni dada ya marehemu mume wangu, anakaa Likoni, mtaa wa Shika Adabu. Mimi naye siku hizo tulikuwa hatusemezani. Kwenye arusi ya mtoto wao nilimshonea buibui la mapambo, halafu akasimama katikati ya wanawake, na sahani ya biriani mkononi, akasema mshono wangu umepinda kama barabara ya kwao Likoni. Nilimjibu. Sitaki kurudia nilivyomjibu. Akaapa hatovuka feri kuja kwangu mpaka kiama, na kwa kweli alikuwa ametimiza.

Basi alasiri moja nasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti ni yake. Nikafungua. Yuko peke yake, amebeba kikapu cha madafu na muhogo, anahema. Hakunisalimia kwa kunipiga kijembe kama ada yake. Akaniamkia vizuri, akauliza hali yangu, ya mtoto, ya kazi, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. Nikamletea maji. Akayashika asinywe. Macho yake yakajaa.

"Wifi yangu," akasema, "nimekuja unisamehe. Lolote nililokukosea, kwa kujua na kwa kutojua, kwa ulimi wangu huu, nihalalishie. Nisamehe dunia na akhera."

Ya Rabbi! Nilisikia baridi kuanzia utosini. Kwetu mtu havuki maji kuja kutaka radhi hivihivi. Watu hujipanga kuitaka kwa mgonjwa anayekwenda, kabla ulimi wake haujafunga. Kwa mamangu walikuja hivyohivyo, mmoja mmoja, na vikapu, wakainama kitandani wakanong'ona, nihalalishie. Mamangu akawa anawapapasa vichwa. Na mwisho kabisa walikuja wale aliokuwa hasemezani nao. Nilipowaona hao nilijua siku zimekwisha.

Nikasimama. Hasira ikanipanda badala ya machozi, ndivyo nilivyoumbwa.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinifanye mtoto! Nani kakuvusha feri? Ni huyu mwanangu, si ndiyo? Amekwambia amebakia na siku ngapi?"

"Nani amebakia?"

"Mimi! Mimi ninayekufa! Mnajua nyote, mnakuja na madafu, na mimi mwenye roho siambiwi!"

Wifi yangu akaweka gilasi chini polepole. "Unakufa?" akasema. "Subhanallah, unakufa na nini? Mimi nakwenda Umra!"

Tukatazamana.

"Nasafiri juma lijalo," akasema, sauti inamtetemeka. "Sheikh ametwambia tusiondoke na haki ya mtu shingoni, tuzunguke tutake radhi. Nikasema nianze na mgumu kuliko wote, nikimaliza huyu waliobaki ni rahisi."

Haki ya Mungu, hata mimi ningefanya hivyo. Kila mtu wa pwani anajua kwamba anayesafiri kwenda Makka huaga na kutaka radhi, nimewasamehe mahujaji wengi hapahapa mlangoni. Lakini hofu ilikuwa imenila akili, ikaniachia maana moja tu. Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti, na wifi yangu naye akaangua bila kujua analia nini. Mwanangu akatoka chumbani mbio.

"Nani amemwambia mama anakufa?"

"Wewe!" nikamwambia. "Wewe uliyeruka mstari! Uliyekosa maziwa na duka halijafungwa! Uliyetangulia kwa daktari!"

Alisimama pale, mtoto wa watu, mikono imening'inia. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Aliruka mstari kwa sababu lile neno hakulijua. Akaenda kulitafuta kwenye simu, na simu ikamletea vitu vya ini vya kila namna, vya kutisha, picha na yote, mpaka akashindwa kusimama. Alitangulia kwa daktari ili amweleze habari za bibi yake, kwamba alikufa na ini, bila mimi kukumbushwa. Ndiyo maana daktari akataka damu. Na daktari akamwambia yeye kule ndani maneno yaleyale aliyoniambia mimi, hakuongeza wala hakupunguza.

"Na bangili ulilia nini?"

"Nilidhani wewe ndiye unayejua kitu," akasema, "na unanificha mimi!"

"Nilikwambia hamna kitu kwa sababu hamna kitu, mama! Ningesemaje?" akaongeza.

"Na mimi nilimwambia bibi yako hivyohivyo!" nikampigia kelele. "Maneno hayohayo, kwa mdomo huu, mpaka tukamzika!"

Mwanangu akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo. Akamtazama shangazi yake. Akaufunga.

Nilimsamehe wifi yangu, dunia na akhera, na mshono wangu nikamwambia haukupinda. Akasema ulipinda kidogo. Akaondoka na feri ya magharibi, na mwanangu na mimi tukawekeana ahadi: siku ya kurudia picha tutaingia pamoja, na karatasi ikitoka atasoma kila neno, hata asilolijua, alitamke tu kama lilivyo, mimi nisikie.

Msidhani nililala vizuri baada ya hapo. Mtu huweza kuelezwa jambo likaeleweka, na mwili ukakataa. Nilijua sasa kwamba hawakunificha. Lakini miezi sita ile ilibaki palepale, na nani angeweza kunihakikishia kwamba lile doa halinenepi humo ndani wakati mimi nakata vitambaa? Kila nilipooga vidole vilienda vyenyewe chini ya mbavu. Ramadhani ilipofika nikafunga, na njaa ya kawaida ya saa kumi nikaiita ini. Wifi yangu alirudi na maji ya zamzam, nikayanywa kwa dua moja tu: nisimwache mwanangu.

Siku ikafika. Bwana yuleyule, miwani ileile. Mwanangu alisimama kando ya kitanda amenishika kidole gumba cha mguu, maana mikono yangu ilikuwa juu ya kichwa. "Vuta pumzi. Zuia." Ti, ti, ti. Nilizuia pumzi hata baada ya kuambiwa niachie.

Karatasi tukapewa alasiri. Tukatoka nayo mpaka kwenye ngazi za nje, mwanangu akaifungua, akaweka kidole mstari wa kwanza. Akasoma kila neno kwa Kizungu, kisha akanifasiria. Figo, sawa, jiwe hakuna. Nyongo, sawa. Kidole kikafika kwenye lile neno refu, na sauti yake ikapungua, lakini hakuruka. Akalitamka lote, silabi kwa silabi. Doa lipo. Ukubwa ni uleule. Sura ni ileile. Halijabadilika. Akasoma na maneno ya mwisho, na jina la aliyeisoma, na tarehe, na mpaka namba ya simu iliyoandikwa chini, kwa ile ahadi.

"Hamna kitu, mama," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka na anacheka.

Nikaamini. Kwa mara ya kwanza nikayaamini maneno hayo. Nikavuta pumzi mpaka chini, nikamjibu, "Haya, mwanangu."

Kicheko kikamkatika.

"Usiseme hivyo," akasema.

"Nimesema nini?"

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema bibi." Akawa anaikunja ile karatasi, anaikunjua. "Mama, bibi alikuwa akijua."

"Akijua nini?"

"Yote. Si nilikuwa nalala naye? Kila ukitoka na bakuli la uji alikuwa akigeukia kwangu ananishika mkono, anatetemeka. Siku moja nikamuuliza unatetemeka nini, akaniambia, 'Mimi nakwenda, mjukuu wangu, nami naogopa. Lakini usimwambie mamako kwamba najua. Ataogopa.'"

Nikaketi palepale kwenye ngazi, watu wanatupita na bahasha zao, na ripoti yangu njema imelala mapajani, nikamlilia mamangu upya kabisa, kama aliyezikwa asubuhi ile. Mwanangu akaketi kando yangu, akanishika mkono. Hakuniambia hamna kitu.